Unga wa Mwalimu Magesa

"Nimeuliza sabuni yangu iko wapi," Euphrasia alisema kwa mara ya tatu, "wewe unanijibu habari za samaki wa Ziwa Victoria."

"Kwa sababu vinahusiana, Mama Noela. Povu lako linatoka hapa, linaingia mtaroni, mtaro unaingia mtoni, mto unaingia ziwani."

"Mtaro wa hapa Ngokolo haujawahi kuingia popote. Umeziba tangu nina mimba ya Noela."

"Hiyo ni hoja ya mtu mmoja. Mimi nazungumzia mfumo mzima wa ikolojia."

"Na mimi nazungumzia sabuni. Kipande cha mche, cha bluu, kilikuwa kwenye kisahani juu ya kichanja. Na stilwaya. Na sponji. Nimeondoka Jumanne vyote vipo, leo Jumamosi nakuta kisahani kitupu kama cha sadaka kwenye ibada ya watu wanne."

Mumewe, Mwalimu Magesa, alikunja mikono kifuani juu ya fulana ya kijani iliyoandikwa TUNZA MAZINGIRA YAKUTUNZE. Kichwani alivaa kofia ya rangi hiyohiyo. Alikuwa ameivaa tangu semina ilipokwisha wiki mbili zilizopita, na Euphrasia alikuwa ameanza kusahau kipara cha mumewe kinafananaje.

Yeye mwenyewe hata mkoba hakuwa ameutua begani. Alikuwa ametoka hospitali ya Kolandoto asubuhi hiyo, alikokuwa akimuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji, siku nne za kulala kwenye mkeka chini ya kitanda cha wodi. Njia nzima alikuwa akiwaza mambo mawili tu: kumbeba mwanawe Eliya, na kunywa chai kwenye kikombe ambacho hakijanywewa na mgonjwa. Eliya alikuwa amelala ndani. Chai ilikuwa haijapikwa. Kilichokuwepo ni karatasi kubwa ya manila iliyobandikwa kwenye ukuta wa jiko la nje, yenye mwandiko wa ubaoni: KANUNI TISA ZA KUOSHA VYOMBO KWA KULINDA MAZINGIRA.

Ieleweke kwamba huyu ni mwanamume ambaye kwa miaka kumi na mitatu ya ndoa alidhani sahani hujiosha zenyewe kama paka. Alikula, akasukuma sahani mbele, akasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, akaenda zake kusahihisha madaftari. Kisha akaalikwa kwenye semina ya siku tatu katika hoteli moja mjini, wakala kuku, wakapewa kila mtu chupa tatu za plastiki za maji kwa siku ili wajadili vizuri ubaya wa plastiki, na Magesa akarudi na cheti. Tangu hapo amekuwa bingwa. Husimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, akimsimamia anayeosha kama msimamizi wa mtihani wa taifa.

"Nimempa jirani yetu Paskazia," alisema hatimaye.

"Umempa nini?"

"Sabuni. Na stilwaya. Sponji nimeichoma."

"Umechoma plastiki ili kulinda mazingira."

Magesa alitazama karatasi ukutani kana kwamba jibu lingekuwa kwenye kanuni mojawapo. Halikuwepo.

Euphrasia aliisoma karatasi ile kwa sauti, polepole, kwa namna ile ambayo watoto wake waliijua na kuikimbia. "Kanuni ya kwanza, kukwangua mabaki kabla ya kuosha. Kuku wangu wanakula nini miaka yote, Baba Noela, si hayo mabaki? Kanuni ya pili, kuloweka sufuria ya ugali. Nani hapa ndani anaosha ugali mkavu? Kanuni ya nne, tumia dodoki. Hilo dodoki limetambaa kwenye uzio wangu tangu kabla hujanunua baiskeli. Kanuni ya tano, mabeseni mawili, la kuoshea na la kusuuzia. Kanuni ya saba, maji ya vyombo yamwagiliwe bustani. Kanuni ya nane, kuanika juani. Kichanja hicho nilijenga mimi, wewe ulishika misumari." Akageuka. "Mmelishwa kuku siku tatu kufundishwa anachofanya mama yako kijijini bila hata soda. Mngempa yeye hicho cheti."

"Tofauti ni kwamba sasa ni kisayansi."

"Na kisayansi, mafuta ya samaki unatoa na nini bila sabuni?"

Hapo Magesa alitabasamu. Alikuwa amelisubiri swali hilo. Alipiga hatua mbili hadi kwenye kichanja, akaondoa kitenge kilichofunika vyombo, akasogea pembeni kama mtu anayezindua daraja.

Lazima ukweli usemwe: vyombo viling'aa. Ile sufuria kubwa ya sherehe, ambayo tako lake lilikuwa jeusi tangu ubatizo wa Noela, ilikuwa nyeupe kama kioo cha kinyozi. Mwiko wa bati, vifuniko, karai la kukaangia maandazi, vijiko, vyote vilirudisha jua usoni mwa mtu. Euphrasia alijikuta ameshika sufuria na kuizungusha. Kwa kitambo kidogo alitaka hata kusifia, na sifa ilifika karibu na meno.

"Umesugulia nini?"

"Kanuni ya tisa," alisema Magesa. "Unga wa Asili."

Alitoa chini ya kichanja ndoo ya rangi yenye mfuniko. Alieleza, na kwa kuwa ni mwalimu alieleza kuanzia mwanzo, kwamba semina ilipendekeza majivu na mchanga laini badala ya sabuni za viwandani. Majivu yapo. Lakini mchanga wa mito ya Shinyanga una mawe na udongo, unakwaruza. Basi akampigia simu mdogo wake Bujiku, aliye machimboni upande wa Geita, kumuuliza kama huko kuna mchanga mzuri. Bujiku alimjibu kwamba mchanga anaotafuta kaka yake upo, tena laini kuliko unga wa sembe, tena bure. Jumatano ikafika kiroba kizima juu ya basi.

Euphrasia alifungua mfuniko.

Unga ulikuwa wa kijivu, mwepesi kwa macho na mzito kwa ndoo. Alisogeza ndoo kwa mguu ajue uzito wake. Kisha akachuchumaa, akautazama bila kuugusa.

Alikuwa ameukanyaga unga ule utoto wake wote. Baba yake alikuwa na mwalo, pale wachimbaji wanapooshea mawe yaliyosagwa ili kupata dhahabu, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na vilima vya kijivu vya hayo yaliyobaki. Huko huitwa marudio. Mama yake, mwanamke asiyejua kusoma, alikuwa na sheria moja tu aliyoisimamia kwa fimbo: kitu cha mwaloni hakivuki kizingiti. Karai la mwaloni lililala nje. Nguo za mwaloni zilifuliwa nje, peke yake. Hakuhudhuria semina. Alikuwa na shemeji, Onesmo, aliyechoma zebaki miaka kumi, na mwisho akawa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado nusu inamwagika kifuani.

"Baba Noela," alisema, "huu mchanga umetoka wapi?"

"Nimekwambia, kwa Bujiku."

"Bujiku si mlima. Yeye kautoa wapi?"

"Ni mwamba uliosagwa. Kwa kitaalamu, mwamba wa aina hii una madini ya kwatzi, ambayo ugumu wake..."

"Mwalimu wa Jiografia," Euphrasia alisema, akiwa tayari ameshika simu, "na hujauliza mchanga umetoka wapi."

Bujiku alipokea haraka. Nyuma yake karasha lilikuwa likisaga mawe, akawa anapiga kelele kana kwamba anazungumza na Geita nzima. Euphrasia aliweka simu juu ya kichanja, sauti nje, ili kila mtu asikie mwenyewe.

"Shemeji wangu wa moyo, mwangaluka."

"Mwangaluka, shemeji. Nimeukuta unga wako."

"Umeuonaje? Huo si mchezo, shemeji. Huku mama ntilie wote wanausugulia. Nzi akitua kwenye sufuria anateleza."

"Ni marudio ya nani?"

"Ya kwetu wenyewe. Siwezi kumpa kaka yangu marudio ya watu nisiowajua. Hayo ni safi, yameoshwa mara mbili."

"Yameoshwa na nini?"

"Si kama kawaida, shemeji, wewe mtoto wa mwaloni unajua. Maji, halafu unatia mekyuri inakamata dhahabu, unakamua, inayobaki ndiyo hiyo. Imeoshwa kuliko hata hizo sahani zenu."

"Na zebaki hiyo yote inatoka?"

"Karibu yote."

"Karibu."

"Shemeji, ingebaki nyingi si tungeifuata? Ni ghali ile." Bujiku alicheka. "Halafu mengine tunawapa wenye matenki ya sayanaidi. Mimi nikasema hapana, ya ndugu yangu nichague yale ambayo hayajafika huko. Msalimie sana kaka. Mwambie akitaka kingine nipo."

Simu ilikatika. Magesa alikuwa amekunjua mikono.

"Umesikia," alisema, "mara mbili."

"Nimesikia. Karibu yote."

"Mama Noela, kiasi chenyewe kitakuwa kidogo mno. Kisayansi, kiasi ndicho..."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Umekipima na nini? Na kofia?"

Wakati huo Eliya alitokea mlangoni. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ameachishwa ziwa mwezi uliotangulia, na alitembea kama mlevi mwenye heshima zake. Nyuma yake alikuja dada yake Noela, wa miaka kumi na miwili. Mkononi Eliya alikuwa na kikombe chake kidogo cha bati chenye mkono, na juu ya mdomo alikuwa na sharubu za uji. Alipomwona mama yake aliangusha kikombe akanyoosha mikono. Euphrasia alimwinua kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaokota kikombe.

"Hiki mmekisugulia nini?"

Noela alimtazama baba yake kwanza. "Huohuo, mama. Baba alisema kila chombo bila ubaguzi."

Kikombe kiling'aa kama pete ya harusi. Euphrasia alikiinamisha kwenye jua. Pale mkono wa kikombe ulipoungana na bati, kwenye ule mwanya ambao hakuna dodoki linalofika, palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu. Alipitisha ukucha. Mstari ukahamia kwenye ukucha.

Hakupiga kelele. Magesa, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kelele, alionekana kupotea.

"Ananywea hiki tangu lini?"

"Jumatano," alisema Noela.

"Na maji ya vyombo mnamwaga wapi?"

"Kwenye matembele. Kanuni ya saba."

"Matembele mmeyachuma?"

"Jana. Baba alipika na karanga."

Hapo ndipo kanuni zote tisa zilipokamilika, hakuna kilichopotea bure. Unga umetoka kwenye ndoo ukaenda kwenye kikombe, ukatoka kwenye kikombe ukaenda kwenye beseni, ukatoka kwenye beseni ukaenda bustanini, ukatoka bustanini ukarudi mezani na karanga. Mfumo mzima wa ikolojia.

"Noela, matembele hayachumwi tena. Ya jana yaliyobaki asiyale mtu wala kuku. Usioshe kitu chochote." Akamgeukia mumewe. "Nani mwingine ana huu unga?"

Magesa alivua kofia, akajifuta kipara, akaivaa tena. "Ulikuwa mpango wa uhamasishaji."

"Nani."

"Kaya tisa. Kopo moja kila kaya. Niliwapelekea mwenyewe, nikawaelekeza." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Sikiliza, Mama Noela. Nakubali tufuatilie. Lakini si leo. Afisa Athanas anakuja saa nne kukagua Nyumba ya Mfano. Anapiga picha, anaandika ripoti, Jumatatu wanamtangaza Balozi wa Mazingira wa kata. Niko mimi na yule mwalimu mstaafu wa kule juu tu, na yeye hana hata kichanja. Wageni wakishaondoka, polepole, mmoja mmoja, nitawaambia waache. Nitasema tumepata unga bora zaidi. Hakuna atakayejua."

"Watoto wao watajua."

"Siku mbili, Mama Noela. Mpaka Jumatatu. Ni heshima yangu mtaani."

Euphrasia alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, ndiyo iliyokuwa taabu yake. Mtu mbaya unamfukuza ukalala. Huyu alikuwa mtu mwema aliyepewa fulana.

Gari la mradi wa mazingira lilisimama nje ya uzio kabla hajajibu. Saa nne ilikuwa haijafika, lakini siku za kupiga picha maofisa huwahi. Athanas, afisa wa mazingira, aliingia akiwa na suruali iliyonyooka na simu mkononi tayari, mtu mnene mwenye uso wa kupongeza.

"Mwangaluka, mayo."

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Wabeja. Mwalimu, hongera. Naona hata kabla sijaingia, vyombo vinaniita kutoka barabarani." Alisogelea kichanja, akapiga picha ya sufuria, akajiona ndani yake, akapiga tena. "Hiki ndicho tunachokitaka. Jamii ibuni yenyewe kwa kutumia malighafi ya hapahapa. Na huu ndio unga wenyewe?" Aliinamia ndoo, akachovya vidole viwili, akavisugua, akavileta karibu na pua.

"Usilambe, afisa," Euphrasia alisema. "Ni marudio. Yametoka mwaloni, yamepita kwenye zebaki."

Athanas alibaki vidole juu, kama mtu aliyetaka kuuliza swali darasani akalisahau. Alimtazama Magesa. Magesa aliitazama karatasi ya manila. Kisha afisa akatoa leso, akafuta vidole kimoja kimoja, akaikunja leso, akakosa pa kuiweka.

"Una hakika, mama?"

"Aliyeuleta amesema mwenyewe, dakika kumi hazijapita. Uko kwenye nyumba kumi pamoja na hii."

"Hili suala," alisema Athanas, na uso wa kupongeza ukabadilika ukawa uso wa kikao, "ni la kitaalamu. Utaratibu ni kuchukua sampuli. Tunaandika barua, sampuli inasafirishwa maabara, majibu yanakuja kama wiki sita hivi, yakichelewa nane. Kwa sasa cha muhimu ni tusizue taharuki."

"Kwa hiyo wiki sita watoto wa watu waendelee kula kwenye sahani hizo kwa utulivu."

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesema wapi waache?"

"Nimesema tusizue taharuki. Wananchi wakisikia neno zebaki wataelewa vibaya. Mradi wenyewe ndio kwanza unaanza. Na bado hatujathibitisha kwamba kiwango kilichomo kina madhara."

"Ndivyo nilivyomwambia," Magesa alidakia kwa shukrani. "Kiwango."

Euphrasia aliwatazama wote wawili, wasomi wawili wamesimama pande mbili za ndoo kama wazee wa kanisa kwenye jeneza la mtu wasiyemjua. Bujiku alitaka kumfurahisha kaka. Magesa alitaka kusubiri Jumatatu. Athanas alitaka kusubiri barua. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinywea kikombe kile.

"Mimi sijui kiwango," alisema. "Inaweza kuwa kidogo, inaweza kuwa kingi. Na ninyi hamjui. Tofauti yetu ni kwamba ninyi mnataka kujua kwa kumtumia mwanangu. Eliya si kipimo cha maabara."

"Hakuna aliyesema—"

"Noela, niletee kanga ya mgongoni. Na mfuko wa nailoni, ule mnene wa pembejeo."

Alimfunga Eliya mgongoni. Kikombe akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akakaza fundo. Akafunga mfuniko wa ndoo, akazungushia nailoni nyingine na kamba ya katani, akaibeba mwenyewe hadi nje ya uzio, na kuiweka nyuma kwenye gari la mradi, juu ya vipeperushi.

Athanas alitoka mbio. "Mama, hiyo haiwezi kukaa humo. Gari hili si la kubebea vitu hatarishi."

"Kumbe ni hatarishi?"

Afisa alimgeukia dereva wake.

"Chukua sampuli yako, umepata kilo kumi na mbili. Nikiimwaga kwenye takataka, kuku wataichakura. Nikiitupa chooni, itakwenda kwenye visima. Wewe ndiye mwenye ofisi ya mazingira, mimi nina jiko tu. Na usidhani ninakugombeza, afisa. Nakukabidhi. Makopo mengine tisa yanakuja, usiondoke."

Dereva, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alizima injini.

Euphrasia alirudi uani. Magesa alikuwa bado amesimama palepale, mbele ya sufuria yake inayong'aa, na ndani ya sufuria kulikuwa na Magesa mwingine, mpana na mfupi, mwenye kofia ndogo ya kijani.

"Mama Noela," alisema, "niache angalau hadi afisa aondoke. Watanicheka mtaa mzima. Nilizunguka kwao na baiskeli. Nilisimama kwenye milango yao nikawaeleza faida."

"Ndiyo maana utakwenda wewe."

"Mimi?"

"Ulipiga hodi mwenyewe ukiwapelekea. Nikienda mimi watasema mke wa mwalimu anaona wivu mumewe akipata cheo. Ukienda wewe wataamini. Hakuna mtu anayejitukana kwa uongo. Utasema ulichowapa, kimetoka wapi, waache sasa hivi, vyombo waoshe kwa sabuni na wasuuze kwa maji mengi, na maji hayo wasimwagie mboga. Wenye watoto wadogo waende nao hospitali, kama nitakavyokwenda na huyu tukimaliza nyumba ya tisa."

"Na kama sitaki?"

"Basi nitawaambia mimi. Na nitaanza na hadithi ya matembele ya karanga."

Magesa aliokota kitenge, akaifunika sufuria. Alikuwa na miaka ishirini ya kusimama mbele ya watoto akiwaambia kwamba aliyekosea anyooshe mkono, hakuna atakayechapwa. Mara zote walikuwa hawanyooshi. Sasa alijua kwa nini.

"Twende," alisema.

"Tangulia."

Alitangulia. Walitoka uani, wakampita Athanas aliyekuwa akiongea na simu kwa sauti ya chini, wakavuka njia. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Paskazia, mjane mwenye watoto wanne na wajukuu wawili, muuza maandazi, mwanamke aliyeifuata kila kanuni ya mwalimu kwa sababu mwalimu ni mtu aliyesoma. Geti la bati lilikuwa wazi. Paskazia alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, karai kubwa lenye maji kidogo mapajani, anasugua kwa nguvu zake zote. Mikono ilikuwa ya kijivu hadi kwenye viwiko. Mjukuu mmoja alikuwa amechuchumaa karibu naye akichora mistari kwenye kopo la unga kwa kidole.

"Mwalimu wangu," alisema kwa furaha alipowaona. "Mama Noela, umerudi? Pole na mgonjwa. Njoo uone maajabu ya mumeo. Hili karai nililikuta kwa marehemu mume wangu lina kutu, hebu litazame leo."

Magesa alisimama. Euphrasia, nyuma yake, hakumsukuma. Alimwendea yule mjukuu, akamshika mkono, akamsogeza mbali na kopo.

"Mama Paskazia," Magesa alisema, na sauti yake haikuwa ile ya darasani, "toa mikono humo. Mchanga niliokupa nilikosea. Ni marudio ya machimboni, yana zebaki. Sikuuliza mchanga umetoka wapi."

Paskazia alimtazama, kisha akatazama mikono yake.

"Usimwage hayo maji," alisema Magesa, akapiga magoti mbele ya karai na kulipokea.